Mnara Mahali pa Michikichi

Bulaimu alikuwa katika mwaka wake wa sita wa kulinda uwanja wa ndege wa Kasongo alipoagizwa kukata michikichi ya Mama Sidonie. Ilikuwa Februari 1953, mvua bado ni nyingi. Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa udongo mwekundu ulioshindiliwa, na ndege ndogo ya posta ilitua pale kila Alhamisi. Bulaimu alifyeka majani, alifukuza mbuzi, alitundika mfuko wa kuonyesha upepo, na alipima kila kitu kilichosimama karibu na ncha mbili za uwanja.

Kupima alifundishwa na Mbelgiji mmoja mpima ardhi, Bwana Lenaerts, ambaye alimshikisha mnyororo wa kupimia kwa miaka minne kabla ya kumwombea kazi ile. Kanuni ilikuwa rahisi. Ndege hushuka polepole kama mtu anayeteremka mlima, kwa hiyo kadiri unavyousogelea uwanja ndivyo vitu vinavyotakiwa viwe vifupi. Kwa kila mita thelathini kutoka ncha ya uwanja, kitu kinaruhusiwa mita moja ya urefu. Kikiwa mita mia tatu, kisipite mita kumi. Kupima urefu, Bulaimu alikuwa na kibao cha pembe tatu. Alikiweka jichoni, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kilele cha mti kikae sawasawa na ukingo wa kibao, kisha akahesabu umbali wa kutoka hapo hadi kwenye shina; umbali huo, ukiongeza kimo cha jicho lake, ndio uliokuwa urefu wa mti.

Michikichi ya Mama Sidonie ilikuwa tisa, mita mia nne na ishirini kaskazini ya uwanja. Pale kikomo kilikuwa mita kumi na nne. Ule mfupi kuliko yote ulifika kumi na saba.

"Hii ngazi ilipandwa na baba ya mume wangu," Mama Sidonie alimwambia, akiiita michikichi ngazi kama watu wote wa pale. Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, Mkristo, mkavu wa maneno. "Ndege imekuja juzi. Nani alimukuta mwenzake hapa?"

"Mama, haiko mimi. Ni kipimo."

"Kipimo iko na mikono? Mimi naona mikono yako tu."

Wafungwa walikata michikichi kwa siku mbili, Bulaimu akisimama pembeni na kitabu chake. Mwaka ule Mama Sidonie, ambaye nusu ya mtaa walikula mafuta yake, alionekana sokoni akinunua mafuta kwa chupa. Aliacha kumsalimu Bulaimu. Aliacha kumsalimu hata Nuru, mkewe.

"Baba Amisi, leo tena amenipita kwenye maji kama amepita kisiki," Nuru alimwambia.

"Wale wanaoruka kule juu ni watu pia," alijibu Bulaimu. "Mutu akikufa sababu ya ngazi tisa, utasema nini?"

Aliamini hivyo kweli. Imani hiyo ndiyo iliyomfanya aweze kupita mbele ya mlango wa yule mjane kila asubuhi.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata, aliona watu wakichimba msingi pale pale palipokuwa na visiki vya michikichi. Alisogea. Msimamizi wa mafundi alikuwa Célestin, mtu wa Nyangwe waliyefahamiana naye tangu ujana.

"Munajenga nini hapa?"

"Kinu cha mupunga cha Bwana Delvigne. Serikali imemupa hii udongo, wanasema haina mwenyewe." Célestin alifungua karatasi ya ramani. "Hapa kinu. Hapa gala. Na hapa munara ya maji, maana mashine inakunywa maji kama ngombe."

"Munara ya metre ngapi?"

Célestin alifuata mistari kwa kidole. "Makumi mbili na ine."

Bulaimu alimwomba amsomee tena. Kisha akaenda kuleta mnyororo wake, akapima kutoka ncha ya uwanja hadi kwenye shimo la msingi wa mnara, ingawa jibu alilijua. Mia nne na ishirini. Mnara ungezidi kikomo kwa mita kumi. Ungekuwa mrefu kuliko mchikichi wowote uliokatwa, na tena wa saruji.

Alifurahi kidogo, jambo ambalo baadaye lilimuumiza kulikumbuka. Alifurahi kwa sababu alikuwa amewahi: shimo bado ni shimo, na kufukia shimo ni kazi ya nusu siku.

Usiku hakulala vizuri kwa hamu ya kuona kunapambazuka. Asubuhi alikwenda kwenye ofisi ya teritware, ya bwana mkubwa aliyetawala wilaya, akiwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe: umbali, urefu, kikomo, tofauti. Karani aliyeipokea aliitwa Jean-Marie, kijana wa shule ya mapadri, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alisoma, akaiweka mezani kama kitu chenye unyevu.

"Nani alikutuma upime jengo ya muzungu?"

"Hakuna aliyenituma, Bwana karani. Ni kazi yangu. Kila kitu kwenye ncha ya kiwanja napima."

"Kazi yako ni miti. Soma barua yako ya kazi. Imeandikwa miti, majani na nyama za kufugwa. Wapi imeandikwa munara?"

"Ndege itajua kama ni muti ao munara?"

Jean-Marie aliinua macho, akatazama mlango wa bwana mkubwa, akashusha sauti. "Sikia, baba Bulaimu. Bwana mukubwa anakula Jumapili kwa Bwana Delvigne. Mimi nikipeleka hii karatasi, atauliza nani ameipokea. Nitasema mimi. Unataka niseme mimi?"

"Nataka useme ni mimi."

"Basi wewe hujui ofisi."

Akamrudishia karatasi. Bulaimu alirudi nayo wiki iliyofuata, na wiki iliyofuata tena. Mara ya kwanza bwana mkubwa alikuwa safarini. Mara ya pili alikuwepo, lakini Bulaimu alikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi hadi kengele ya kufunga, akamwona akitoka na kofia yake, akasimama, akasema, "Bwana, munara..." na bwana akamjibu kwa Kifaransa neno moja ambalo askari wa mlangoni alilitafsiri kwa kumshika bega na kumgeuza. Wakati huo nguzo za mnara zilikuwa zimepita kichwa cha mtu.

Ndipo akasikia kwamba Bwana Lenaerts yuko Kabambare, anapima barabara ya kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Aliomba ruhusa ya siku sita kwa kusema mama mkwe wake anaumwa, akapanda baiskeli. Barabara ya Kabambare ilikuwa vumbi tupu, na vilima vyake vilimfanya asukume baiskeli zaidi ya kuipanda. Kila alipofika juu ya kilima alisikia hasira ikimpanda upya: mtu anavuka mito na mapori ili kumwambia mzungu kwamba makumi mbili na nne ni zaidi ya kumi na nne.

Alimkuta Lenaerts kwenye kambi ya mahema nje ya Kabambare, amezeeka, miguu imevimba, kikombe cha kahawa mkononi. Lenaerts alisoma karatasi yote. Akaisoma tena kwa penseli.

"Hesabu yako ni sawa," alisema kwa Kiswahili chake cha zamani.

Bulaimu alihisi machozi, akajifanya anapangusa vumbi. Mwezi mzima hakuna aliyekuwa amefikia hata hesabu.

"Basi Bwana atasema waache kujenga?"

"Mimi ni mutu wa barabara. Siwezi kusema. Naweza kuandika." Lenaerts alikohoa. "Nitaandika Léopoldville, kwa watu wa ndege. Watatuma mutu wa kuangalia. Lakini wewe usiseme ulikuja hapa."

"Watatuma lini?"

Mzee aliangalia kikombe chake. "Bulaimu, barua ni barua."

Barua ilichukua miezi mitatu. Mkaguzi alifika Oktoba, kwa ndege ile ile ya Alhamisi, saa sita mchana. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na kuosha anga. Ungeweza kuhesabu matawi ya miti iliyo mbali. Mnara ulikuwa umekwisha, umesimama mweupe kama jino, tangi limekaa juu yake. Mkaguzi alitembea na bwana mkubwa na Bwana Delvigne, mtu mnene mcheshi aliyempa kila mtu mkono isipokuwa Bulaimu. Hawakutoa mnyororo. Hawakutoa chombo chochote. Walisimama chini ya mnara, wakautazama, kisha wakasimama kwenye ncha ya uwanja, wakautazama tena.

Jean-Marie ndiye aliyekuwa akitafsiri. Bulaimu alimwendea. "Mwambie, tafadhali. Leo anaona vizuri kwa sababu mvua imenyesha. Aje mwezi wa ine asubuhi, ukungu ikipanda toka muto Lualaba, atafute huo munara. Aje mwezi wa saba watu wakichoma mashamba. Siku zile mimi mwenyewe nikisimama hapa sitauona."

Jean-Marie alisita, lakini akasema. Mkaguzi alisikiliza kwa adabu, akajibu kwa maneno mengi, akacheka mwishoni.

"Anasema nini?"

"Anasema rubani aliuona munara vizuri kabisa wakati wa kushuka, hata alimuonyesha. Anasema kitu kinachoonekana hakina hatari. Ataandika upakwe rangi nyekundu na nyeupe, ionekane zaidi."

"Rangi itafupisha munara?"

"Hiyo sitatafsiri," alisema Jean-Marie.

Rangi ilikuja mwezi wa kwanza. Célestin na watu wake walipaka michirizi upande wa barabara na upande wa mjini, kisha makopo yakaisha. Upande wa kaskazini, ambako ndege ilitokea, mnara ulibaki mweupe, rangi ya ukungu wenyewe. Bulaimu aliandika karatasi nyingine. Jean-Marie aliipokea safari hii, akaitia kwenye faili, na faili akaitia kabatini.

Mama Sidonie, ambaye sasa alilima muhogo na kupanda michikichi michanga upande wa kusini wa uwanja, alivunja ukimya wake siku moja. Alisimama njiani na kikapu kichwani.

"Bulaimu. Ngazi yangu ilikuwa metre ngapi?"

"Kumi na saba, Mama. Mingine kumi na tisa."

"Na ile?" Alionyesha mnara kwa kidevu.

"Makumi mbili na ine."

"Nilitaka kusikia wewe mwenyewe useme," alisema, akaendelea na njia.

Ilikuwa Alhamisi katikati ya mwezi wa saba, 1955. Watu walikuwa wamechoma mashamba tangu Jumatatu, na upepo haukuvuma. Asubuhi ile moshi ulilala chini kama blanketi. Kando ya uwanja Bulaimu alikuwa amechimbia vigingi vyeupe, kila mita mia kimoja, avitumie kupima uangavu. Aliona cha pili. Cha tatu hakukiona. Mnara haukuwepo kabisa, ungesema haujajengwa.

Kanuni ilimruhusu kutandika msalaba wa vitambaa vyeupe, alama ya kumwambia rubani asitue, lakini kwa ruhusa ya ofisi tu. Alimtuma mmoja wa wafyekaji mbio na kikaratasi. Mfyekaji alirudi akitweta. "Karani anasema bwana mukubwa iko anakula chakula ya asubuhi. Ungoje."

Bulaimu alingoja kwa muda wa kuvuta pumzi kumi. Kisha alitandika vitambaa mwenyewe, akavibana kwa mawe, huku akisikia ndege kwa mbali. Iliunguruma juu ya mji, ikazunguka, ikaunguruma tena. Rubani alikuwa anautafuta uwanja. Bulaimu alikimbia katikati akipunga shati lake, akijua anapunga bure: yeye haioni ndege, rubani atamwonaje?

Sauti ilishuka kaskazini. Alisikia kishindo kimoja kifupi, kama shoka kwenye sufuria kubwa, kisha maji yakimwagika kutoka juu, maji mengi, na baada ya hapo mvunjiko mrefu katika shamba la watu la muhogo upande huu wa mnara.

Alifika wa kwanza. Gurudumu lilikuwa limegonga ukingo wa tangi. Ndege ilianguka kabla ya kuufikia uwanja na kulala ubavu, bawa moja limekunjika chini yake. Alimtoa rubani kupitia dirishani, yeye na Célestin na wanawake wawili waliokuwa shambani. Mguu wa rubani ulikuwa umevunjika mahali pawili. Alikuwa anasema neno lile lile kwa Kifaransa, tena na tena. Bulaimu alilijua neno hilo. Rubani alikuwa anauliza, wapi, wapi.

Hakufa mtu. Masanduku ya chanjo ya ndui, yaliyokuwa yakingojewa na watu wa Kabambare, yalipondeka yote, na wale waliokuwa wamekusanywa barabarani wakaambiwa warudi makwao.

Tume ya wazungu watatu ilikaa siku mbili. Bulaimu aliitwa kwa robo saa. Aliingia na nakala za karatasi zake zote mbili, akaziweka mezani. Mwenyekiti aliuliza jambo moja, na Jean-Marie akalitafsiri bila kumtazama.

"Anauliza, ulitandika vitambaa saa ngapi?"

"Nilipokosa jibu ya ofisi. Lakini Bwana, angalia hapa, mwaka jana mwezi wa sita niliandika..."

"Anauliza saa ngapi tu."

"Saa mbili na nusu."

"Na moshi ulianza saa ngapi?"

"Tangu alfajiri."

Mwenyekiti akaandika. Majuma mawili baadaye Jean-Marie alimsomea uamuzi. Sababu ya ajali: moshi wa wenyeji kuchoma mashamba, na mlinzi aliyechelewa kuweka alama. Mnara ulitajwa kwa mstari mmoja, kwamba unajulikana na umepakwa rangi. Hata hivyo, kwa kuongeza usalama, uwanja wote utasogezwa kusini kwa mita mia tatu.

"Mia tatu," alisema Bulaimu.

"Mia tatu kamili."

Aliifanya hesabu kichwani akiwa amesimama. Mia nne na ishirini ukiongeza mia tatu ni mia saba na ishirini. Gawa kwa thelathini. Makumi mbili na nne. Si mita moja zaidi, si mita moja pungufu. Kwa hiyo walikuwa wamesoma karatasi zake. Walikuwa wamezisoma, wakazielewa, wakatumia hesabu yake ile ile, na badala ya kushusha tangi wakasogeza ardhi.

"Kusini ni mashamba ya watu," alisema.

"Najua."

"Mama Sidonie amepanda tena kule. Na wengine kumi na moja."

"Baba Bulaimu, najua," alisema Jean-Marie, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa imechoka kama ya mtu mzima. "Wanataka ushike munyororo Jumatatu."

Jumatatu Bulaimu alifika uwanjani na nguo zake za kazi, akauweka mnyororo mbele ya ajenti wa serikali aliyekuja kusimamia, akasema hatapima. Ajenti alidhani hakusikia vizuri. Bulaimu akarudia. Aliulizwa sababu. Alisema tu, "Mimi nimekwisha kupima."

Walimpa siku saba za jela kwa ukaidi na wakamwondoa kazini. Jela ya teritware ilikuwa na chumba kimoja kirefu na ua wa udongo. Nuru alimletea chakula siku mbili za kwanza. Siku ya tatu aliyeingia uani na bakuli kichwani alikuwa Mama Sidonie.

Bulaimu alisimama. "Mama, shikamoo."

"Marahaba. Nuru ana mutoto mugonjwa, nimemwambia nitakuja mimi." Aliweka chini bugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaketi juu ya kanga yake. "Sijakusamehe. Nimekuletea chakula tu. Kula."

Alikula. Mama Sidonie alimtazama mpaka alipofika nusu.

"Wamekwisha kupima," alisema. "Wamemleta mutu wa Kindu. Muhogo wangu wote umeingia ndani. Hii ngazi ndogo wameing'oa kwa mikono, haikufika hata magoti. Wamenionyesha pahali pengine, mbele zaidi, upande wa njia ya Kabambare."

"Ni hatua ngapi kutoka kwenye kigingi kipya?"

"Nilihesabu mia sita na kidogo."

Bulaimu aliacha kula. Alichukua kijiti, akachora mstari kwenye udongo wa ua. "Sikia, Mama. Hatua zako si metre kamili. Tuseme metre mia ine na hamsini. Hapo kikomo ni metre kumi na tano. Muhogo panda popote. Ndizi panda popote. Mapapai hayana neno. Lakini ngazi usipande hapa, itakua na wajukuu wako watakuja kukatiwa. Peleka ngazi huku, nyuma ya kijito, ni zaidi ya metre mia saba. Huko hata ikizeeka hakuna mutu atakayeigusa. Waambie na wale wengine kumi na moja. Waambie wapande hivyo hivyo."

Mama Sidonie aliinama akautazama mchoro kwa muda mrefu, akiweka kidole chake mahali pa kijito, halafu mahali pa njia, kama mtu anayejifunza sala.

"Nyuma ya kijito," alisema.

"Nyuma ya kijito."

"Na wakisogeza tena?"

Mlinzi wa jela aliita kwamba muda wa wageni umekwisha. Mama Sidonie hakuondoka. Alikuwa anamngoja, na swali lake lilikuwa la haki, na Bulaimu alilizungusha kichwani kwa kila hesabu aliyoijua.

"Sijui, Mama," alisema mwishowe. "Hiyo haina kipimo."

Mama Sidonie alishusha pumzi, akachukua bakuli. "Kesho nitaleta samaki," alisema, akatoka.